Mayai Yanayonung'unika

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, likizo zangu zilikuwa na harufu ya mayai. Mama alikuwa muuguzi, kazi yake ilikuwa ya zamu, na hakuniamini kubaki nyumbani peke yangu tangu siku niliyounguza sufuria mbili kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo shule zikifungwa nilifuatana na bibi kwenda kazini kwake. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bibi mbele na mkoba wake kwapani, mimi nyuma nikiburuta ndala. Kila baada ya hatua chache aligeuka kuniuliza kama miguu ile nilikuwa nimeiazima.

Bibi alikuwa mchambuzi wa mayai katika shamba kubwa la kuku. Chumba chao cha kazi nakiona hadi leo nikifumba macho: sakafu ya saruji iliyooshwa mara mbili kwa siku, madirisha ya juu karibu na dari, na meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi chini ya kitambaa cheupe ili mayai yasiumie. Wanawake wanane waliketi pande mbili za meza ile. Kila mmoja alishika yai zima mkono wa kushoto, akaligonga taratibu kwa yai jipya la mkono wa kulia, akasikiliza, kisha akaliweka lile jipya kwenye trei ya mazima au trei ya nyufa. Kwa kuwa masikio yalikuwa kazini, hakuna aliyeruhusiwa kuongea mpaka trei zijae. Zikijaa, wote walifungua midomo kwa pamoja. Umbea wa chumba kile ulikwenda kwa vipande, trei kwa trei, na mtu akitaka kujua ugomvi wa jirani uliishaje ilimbidi asubiri mayai thelathini.

Pale kazini hakuna aliyemwita bibi kwa jina lake. Walimwita Bibi Sikio. Alikuwa na miaka ishirini na saba kwenye meza ile, na ilisemekana kwamba ufa mwembamba kama unywele, ambao jicho haliuoni, yeye aliusikia huku akipiga miayo. Kulikuwa na kisanduku cha giza chenye taa ya kuangazia mayai, na taa haikosei, lakini ni ya polepole, yai moja moja. Masikio yalikuwa ya haraka.

"Yai zima linaitika," aliwahi kunifundisha, akinigongea mawili karibu na uso. "Unaligonga, linakujibu vizuri kama mtoto aliyelelewa. Lenye ufa linanung'unika. Umesikia, mke mwenzangu?"

Aliniita hivyo kwa sababu babu, alipokuwa hai, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba mimi ndiye mke wake mdogo. Nilisikia. Lilikuwa nung'uniko dogo sana, lakini ukishalijua hulisahau.

Likizo ninayoisimulia ndiyo ile aliyokuja Waya. Alikuwa kijana anayefanya utafiti wa uhandisi chuoni, mrefu, mwembamba, mwenye nyaya zinazochungulia kila mfuko wa koti lake, na kabla ya trei ya kwanza kujaa wanawake walikuwa wameshampa jina hilo. Alikuja na mkono wa chuma wenye vidole viwili vya mpira laini, akaufunga kwenye kimeza chake pembeni. Mkono nao ulipewa jina. Uliitwa Mgeni, kwa sababu ulikaa tu ukitazamwa, haujui kazi, na hakuna aliyekuwa na uhakika utaondoka lini.

Siku ya kwanza mimi nilimfuata Waya kama kivuli, nikimuuliza maswali. Nilitaka kujua kwa nini vidole vile havipondi yai.

"Shika kikombe kile," aliniambia. "Ukikilegeza kinaponyoka, ukikibana sana unaumia. Mkono wako unapima na kujirekebisha wenyewe, wala hufikirii. Hivi vidole vina vihisio ndani. Vikigusa yai vinatuma habari: umebana mno, legeza kidogo, umelegeza mno, bana. Mara mia kwa sekunde."

"Na masikio?"

Alinionyesha kipaza sauti kidogo kama punje ya mahindi. "Masikio ni haya. Lakini hayajui ufa ni nini, na mimi sijui kuuandika. Ningejua, ningeiandikia kompyuta kanuni, kazi imekwisha. Kwa hiyo tutaipa mifano mingi, hili zima, hili lina ufa, hili zima, maelfu, na yenyewe itatafuta tofauti. Inahitaji mwalimu tu."

Mwalimu hakutafutwa mbali. Msimamizi wa chumba, mama mmoja aliyetembea na funguo nyingi kiunoni hata tukamsikia kabla ya kumwona, alimnyooshea kidole bibi. Kazi ikapangwa hivi: bibi aketi kwenye kimeza cha Mgeni, agonge mayai karibu na kipaza sauti, na kila yai atamke "Zima" au "Ufa". Kwa kuwa mikono yake miwili ilikuwa na mayai, alihitajika mtu wa kubonyeza vitufe, kijani kwa zima na chekundu kwa ufa, ili kila sauti ihifadhiwe kwenye kompyuta pamoja na namba yake na jibu lake. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijiona mkubwa, nikamwomba mama aninyooshee gauni.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Ti, "Zima," kijani. Ti, "Zima," kijani. Tke, "Ufa," chekundu. Mayai mia tatu kwa siku. Siku ya tatu, saa nne hivi, bibi aligonga yai nikasikia nung'uniko dogo, lile la ufa wa unywele.

"Zima," alisema bibi.

Nikamtazama. Alikuwa ameshaliweka na kuchukua jingine.

"Bibi, lile..."

"Lile nini?"

"Nimesikia kama limenung'unika."

Trei zilikuwa zimejaa wakati huo, kwa hiyo meza nzima ilisikia. Bibi aliweka mikono kiunoni. "Jamani, njooni mwone! Miaka ishirini na saba, leo nafundishwa mayai na mtoto aliyenyonya juzi!" Wanawake wakacheka, nami nikacheka kwa aibu, masikio yakiniwaka moto. Nikabonyeza kijani.

Baada ya hapo nilianza kuona mambo niliyokuwa nikiyaona siku zote. Nyumbani redio yetu ilisikika hadi kwa jirani. Mama akimsemesha bibi kutoka jikoni, bibi alijibu "Eeh" kwa kila kitu, hata kwa swali lisilo na jibu la "Eeh". Mara nyingi alilalamika kwamba watu wa siku hizi wanaongea kama wana kitu mdomoni. Sikuhitaji daktari. Bibi Sikio alikuwa anapoteza masikio, na ama hakujua, ama hakutaka kujua.

Nyufa kubwa alizisikia bado. Zile nyembamba zilimpita. Kila moja ilipompita, mimi niliisikia, na kila mara nilibonyeza kijani huku nikijua. Nilijiambia kwamba namstahi bibi yangu. Nilijiambia pia kwamba mayai machache hayawezi kuharibu kitu. Tulifanya kazi hiyo siku nane kwa jumla, mpaka rekodi zikafika elfu mbili na mia nne.

Jumatatu iliyofuata Waya alimjaribu Mgeni. Msimamizi alichagua mayai mia moja akayapima yote kwa taa, akapata thelathini yenye nyufa, akayachanganya. Mgeni akaanza kazi, na kusema kweli ilikuwa raha kumtazama. Vidole vilishuka, vikashika yai kama mama anavyoshika kidole cha mtoto mchanga, vikaligusisha kwenye kifimbo kilichofungwa karibu na kipaza sauti, vikasita, vikaliweka upande mmoja. Tulipiga makofi. Halafu msimamizi akahesabu. Katika thelathini yale, Mgeni alikuwa amekamata kumi na moja tu. Kumi na tisa alikuwa ameyaweka kwa mazima bila wasiwasi wowote.

Waya alisema huenda ni kipaza sauti, akakibadilisha. Akasema huenda ni kifimbo, akakata kingine. Jumanne alijaribu tena, Mgeni akakosea vilevile. Wakati wa chakula hakula. Ijumaa jopo la walimu wake lilikuwa linakuja kuona kazi yake ya mwaka mzima, na wangekuta mashine inayopitisha mayai mabovu kwa adabu kubwa. Alasiri nilimkuta anafungua skrubu moja moja na kuziweka kwenye kopo.

"Kaka Waya, unafanya nini?"

"Nafunga mizigo, mdogo wangu. Nitawaandikia walimu kwamba njia hii imeshindikana." Alijaribu kutabasamu. "Labda kuna mambo ya sikio la binadamu ambayo mashine haiwezi kufundishwa."

Nilikuwa na la kumwambia. Kama ningesema, Waya angepona, lakini bibi yangu angeondolewa kwenye meza yake mbele ya watu wote, na jina lake lingekuwa mzaha. Kama nisingesema, jina la bibi lingebaki, na Waya angeondoka akiamini kwamba hajui kazi. Nilisimama pale nikiangalia skrubu zikiingia koponi. Kisha nikaenda kumsaidia bibi kuvaa koti.

"Maskini kijana wa watu," bibi alisema njiani. "Mashine yake haina akili hata kidogo."

Siku hiyo sikuburuta ndala. Nilikuwa nimechoka hata kuburuta.

Tulipofika nyumbani bibi aliketi kwenye kigoda jikoni akachambua mchele, jua la saa kumi na moja likiingia dirishani hadi kwenye ungo. Mama alikuwa zamu. Niliketi karibu yake, nikajikaza, nikasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mchele: "Bibi, mashine ya Kaka Waya si mbovu. Wewe ndiye husikii."

"Eeh," alijibu bibi, akaendelea kuchambua.

Nilitamani kucheka na kulia. Jambo gumu kuliko yote niliyowahi kusema nilikuwa nimelisema, na lilikuwa bado halijasemwa. Nilisimama, nikafunga dirisha ili jirani asisikie, nikamwinamia na kusema kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara:

"Bibi! Husikii! Nyufa ndogo huzisikii tena! Mashine imekosea kwa sababu tumeifundisha makosa!"

Mkono wake ulitulia kwenye ungo. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Wanasema hivyo kule mezani?"

"Hapana, bibi. Ni mimi."

Aliinuka akaenda kwenye redio. Akapunguza sauti, akaniuliza kwa jicho, nami nikamwashiria apunguze tena, mpaka ikafika pale ambapo watu wengine huisikiliza. Akaweka sikio lake karibu kabisa.

"Inasema nini?"

"Inasema mvua zitachelewa."

"Mimi nasikia kama mtu anatwanga kitu nyumba ya pili," alisema bibi. Akakaa chini polepole. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu."

"Na kitufe?"

"Nilibonyeza kijani."

"Ukijua?"

"Nikijua, bibi."

Hakunigombeza. Aliniambia nibandike maji ya wali, na hakuzungumza nami tena mpaka nilipokwenda kulala. Nilijilaza nikiwa nimejifunika gubigubi, nikilia, nikijuta kuwa nilizaliwa na masikio mazima.

Asubuhi bibi alivaa gauni lake la kuendea shughuli. Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya tangu niingie darasa la pili. "Leo utasimama karibu yangu," alisema. "Mtu akiniuliza kitu nikakosa kusikia, nifinye."

Waya alikuwa amebakisha kuvua vidole vya Mgeni. Msimamizi alikuwa pale pia, akimhesabia vifaa.

"Shikamoo, Bibi," Waya alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Rudisha hivyo vitu mahali pake. Mashine yako haina ubovu wowote. Mwalimu wake ndiye kiziwi."

Funguo za msimamizi zilinyamaza. Bibi akaeleza yote, moja kwa moja, hata habari ya redio. Alipofika mwisho nikajikuta naongea.

"Si kosa la bibi peke yake. Mimi nilikuwa nazisikia nyufa. Nilibonyeza kijani huku najua."

Waya alikaa juu ya kreti tupu. Akatutazama, akamtazama Mgeni, kisha akafungua kompyuta yake kwa haraka na kuanza kupitia majibu ya juzi. "Nyufa kubwa imekamata zote," alinong'ona. "Zote! Zilizoipita ni nyembamba tu." Akaruka juu. "Haijashindwa kujifunza! Imejifunza kila kitu. Imejifunza hadi kutosikia!" Alikuwa na furaha kiasi kwamba alikuwa tayari kucheza. Halafu akamwona bibi anajifuta macho, akashika kichwa. "Nisamehe, Bibi. Sikuwa na adabu."

"Sikusikia vizuri ulichosema," alijibu bibi, "kwa hiyo umesalimika."

Tulicheka wote, hata msimamizi. Kisha Waya akanigeukia, na uso wake haukuwa na mzaha. "Ungeniambia siku ile ya tatu tungepoteza siku tatu. Sasa tumepoteza karibu wiki mbili, na zimebaki siku mbili tu. Unaelewa?" Nikaitikia kwa kichwa.

Msimamizi alisema jambo lake kwa upole lakini hakulizungusha: bibi hatagonga mayai tena mpaka apimwe masikio. Bibi alikubali. Nilimfinya mkono nikidhani hajasikia, akanifinya na yeye.

"Lakini sauti zote tunazo," alisema Waya. "Elfu mbili na mia nne. Hatuna haja ya mayai mapya, tunahitaji majibu mapya." Akatoa hedifoni kubwa nyeusi, akamvisha bibi juu ya kilemba, akaongeza sauti kwenye kompyuta, akaongeza tena. "Bibi, hii ni namba mia nne na kumi na mbili. Ulisema zima."

Akabonyeza.

Bibi alishtuka. Akaweka viganja vyote viwili juu ya hedifoni, akafumba macho. "Rudia," alisema. Waya akarudia. Uso wa bibi ulianza kufunguka taratibu, mpaka akaonekana kama yule wa kwenye picha yake ya zamani sebuleni, msichana aliyesimama mbele ya banda la kuku.

"Linanung'unika!" alipiga kelele, kwa kuwa mwenye hedifoni hajui kipimo cha sauti yake. "Mke mwenzangu, linanung'unika! Mimi nilidhani mayai ya siku hizi yameacha!"

Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa ajili ya yai bovu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Siku mbili zile zilikuwa nzuri kuliko likizo zangu zote. Tulikaa watatu mbele ya kompyuta, mimi nikisoma namba, bibi akisikiliza na kutoa hukumu kwa makelele, Waya akirekebisha. Bibi alipokuwa na shaka alinivisha mimi hedifoni, na tukibishana alitaka irudiwe mara tatu. Mwanamke mmoja wa mezani, tuliyemwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili waliofanana hata kwa kukohoa, alituletea chai na kukaa kimya kuliko kawaida yake. Alhamisi saa sita tulikuwa tumebadilisha majibu mia tatu na kumi na moja. Waya akairudisha mifano yote kwa Mgeni, ikachukua saa tatu kujifunza upya, na saa hizo tatu sisi tulizunguka chumba tukiosha trei ambazo tayari zilikuwa safi.

Ijumaa jopo lilikuja, walimu watatu wenye madaftari. Msimamizi akachanganya mayai mia moja, thelathini yenye nyufa. Mgeni akashuka, akashika, akagonga, akasita. Bibi alikuwa amenishika bega na kucha zake ziliingia. Yalipohesabiwa, Mgeni alikuwa amekamata ishirini na saba.

"Tatu zimekupita," alisema mwalimu mmoja mwanamke, mwenye miwani ya kamba.

"Ndiyo, Mwalimu. Na Jumatatu zilinipita kumi na tisa." Waya akawaeleza yote: majibu ya kwanza, makosa yake, namna yalivyogunduliwa. Hakuficha kitu, na hakumtaja bibi kwa namna ya kumdhalilisha. Yule mwalimu aliandika muda mrefu. "Sura hiyo ya makosa uiandike vizuri katika ripoti yako," alisema. "Wenzako watajifunza zaidi kutoka humo." Tukajua amepita.

Wageni walipoondoka wanawake walishangilia, lakini bibi hakushangilia. Alisimama kichwani mwa meza ndefu, hedifoni ikiwa bado shingoni.

"Kuna kitu kimoja sijakielewa," alisema. "Ikiwa masikio yangu yamekufa kiasi hiki, mbona mwaka mzima hakuna duka lililorudisha trei yangu hata moja?"

Mama Pacha aliinamisha kichwa.

"Tulikuwa tunazigonga upya, Bibi," alisema. "Ukienda kunawa mikono. Kwa zamu."

"Wote?"

"Wote. Tangu mwaka jana."

Bibi alishika ukingo wa meza. Nilidhani ataanguka, nikamsogelea, lakini aliniashiria nikae.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungeanzaje, Bibi? Wewe ndiye uliyetufundisha kazi. Tulikuonea haya."

Bibi alitazama meza ile yote, uso kwa uso, kama anayetuhesabu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuumiza.

"Nawashukuru," alisema mwishowe. "Mmenibeba mgongoni mwaka mzima, nami nikadhani natembea. Lakini sikieni. Hospitali iko ng'ambo ya barabara hii. Mwaka mzima nimepita mbele yake asubuhi na jioni. Wenzangu wananong'onezwa na wajukuu zao, mimi siku hizi hapana, mnajua? Sikuwa nimesikia mnong'ono wa mtoto huyu siku nyingi, na sikujua, kwa sababu kila aliyenipenda alinyamaza. Chuma hiki peke yake ndicho hakikunionea haya. Nilikifundisha vibaya, kikafanya vibaya mbele ya watu wote. Na siku mtoto huyu alipoacha kuniogopa ndiyo siku niliyosaidiwa."

Akaniita nikasimama mbele yake, akaniwekea mikono mabegani.

"Kuheshimu mtu si kumfichia kosa lake. Ukimwona mtu unayempenda amekosea, mwite pembeni umwambie, mapema, siku ileile. Atakasirika. Mimi nilikasirika. Mwache akasirike, akimaliza ataenda kutibiwa."

Bibi hayupo tena sasa, na chumba kile nasikia kimepakwa rangi nyingine, lakini maneno hayo bado nayasikia kwa sauti yake, pamoja na harufu ya sabuni ya trei.

Jumatatu tulivuka barabara. Tulikaa kwenye benchi la foleni saa tatu, yeye na gauni lake la shughuli, mimi na daftari lake la hospitali mapajani. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimulika sikio la kwanza, akamulika la pili, akasema moja limeziba na litasafishwa leo, na la pili litahitaji kifaa. Kisha akachukua kalamu akauliza bibi ameanza lini kupata shida ya kusikia.

Bibi alinigeukia mimi.

"Mwulize huyu," alimwambia daktari. "Huyu ndiye anayeniambia ukweli."